Dawati la Kufuta Majina

Mmeniomba niandike, mkaninunulia na peni ya zawadi, kana kwamba ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ikinizuia. Haya. Nimekaa jikoni kwangu hapa Bertrams, Johannesburg, chai ipo, magoti yanauma kama kawaida, na leo hakuna anayenigongea mlango kuniuliza kama fomu inajazwa kwa wino mweusi au wa bluu. Mweusi. Nimelisema hilo miaka yote na nalisema tena kwa sababu najua mtasahau.

Kwa wale wapya ofisini: jina langu ni Rehema, ingawa wengi mlinijua kama Mama Thandi. Nimezaliwa Morogoro. Huko huko nilimpata mume wangu, kijana wa Soweto aliyekuwa uhamishoni, na mapambano yalipokwisha akanileta kwao akiniapia kwamba baridi ya Johannesburg ni ya wiki mbili tu. Mungu amrehemu, alikuwa mwongo wa mambo madogo. Nilikuwa mkalimani wa Kiswahili kortini kwa muda mrefu, nikawasemea Wakongo, Warundi na Watanzania wenzangu mpaka sauti ikakwaruza. Kisha nikahamia ofisi yetu ya msaada wa sheria pale Marshalltown, nikapewa dawati ambalo hakuna mtu aliyelitaka. Habari za dawati hilo ndizo mnazozitaka, maana mengine mnayajua.

Mnajua kwamba nchi hii ina Daftari la watu waliotiwa hatiani kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto na watu wenye ulemavu wa akili. Si daftari la kubandikwa ukutani. Limefungwa serikalini, na mwajiri au afisa wa ustawi wa jamii ndiye anayeomba kujua kama jina fulani limo. Aliyemo haruhusiwi kufanya kazi na watoto, haruhusiwi kuwalea watoto wa wengine, hata wa ndugu yake. Zamani mtoto akitiwa hatiani, jina lake liliingia humo moja kwa moja, hakimu apende asipende. Mahakama ya juu kabisa ikasema hapana, na mwaka 2015 sheria ikarekebishwa: aliyekuwa mtoto wakati wa kosa akapata mlango wa kurudi kortini kuomba atolewe. Mlango ukifunguliwa, lazima awepo mtu wa kukaa karibu nao. Wakanikalisha mimi.

Siku ya kwanza nilipokewa na Wakili Moodley, mama mfupi wa Kihindi mzaliwa wa Durban, mwenye sauti ya mwalimu mkuu na mkoba uliojaa sandwichi. Alinipa kiti kisichoegemeka na somo moja. "Rehema," akasema, "hapa hatuanzi kwa kumuuliza mtu alifanya nini. Tunaanza kwa kumuuliza alihukumiwa nini."

Nilimwona hana moyo. Kumbe alikuwa ananiokolea muda, na machozi pia. Kwa mtu mzima, kila kitu kilitegemea adhabu. Adhabu ikiwa nyepesi, unasubiri miaka mitano, au saba, au kumi, kulingana na uzito wake, ndipo unamwandikia msajili wa Daftari. Kifungo kikizidi miezi kumi na minane, hutoki. Ukitiwa hatiani mara mbili, hutoki. Na hapa ndipo wengi walipojikwaa: hata kifungo kikiwa kimesimamishwa, yaani umerudi nyumbani siku ile ile na hukulala jela hata usiku mmoja, miezi inahesabiwa ile ile. Watu walikuja wakicheka, "Mama, mimi sikufungwa," nami ikabidi niwafute kicheko usoni.

Halafu kuna daftari la pili, la ulinzi wa watoto, ambalo lina mlango wake na fomu zake. Na kufuta rekodi ya jinai ni shauri la tatu, la dirisha jingine. Mtu anaweza kutoka huku akabaki kule. Waelezeni wateja mapema, msiwaache washerehekee nusu ya habari.

Sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kusema hapana kwa adabu. Nitawaambia na hili, kwa sababu Wakili Moodley hakuwahi kuniambia nami nikaliona peke yangu: hamtawapenda wote. Wapo walionitia kichefuchefu. Niliwajazia fomu zao vizuri, herufi kubwa, wino mweusi, kisha nikaenda kunawa mikono. Wapo ambao niliporudi nyumbani niliwaombea. Sikuwa na mpango maalumu wa nani aingie kundi gani, na wakati mwingine mtu mmoja aliingia kote kuwili kwa asubuhi moja.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Chupa ya chai. Mashine ya kutoboa karatasi iliyotoboa upande mmoja tu. Fotokopi yenye hasira, ambayo ilibidi uipige kofi la ubavuni kwa upendo, si kwa chuki, maana ilijua tofauti. Na viatu visivyo na kisigino, kwa ajili ya kushuka ghala za chini za korti kutafuta faili za kesi kongwe. Bila hati ya mashtaka na hukumu ya asili, ombi lenu ni hadithi tu. Karani wa ghala akiwaambia faili limepotea, mwambieni ahsante, mkae kwenye benchi, mfungue chakula chenu. Faili nyingi hupatikana mtu akiona huondoki.

Basi, Héritier.

Alikuja na mama yake. Yeye kijana mrefu, mlinzi wa maegesho karibu na uwanja wa Ellis Park, bado amevaa koti lake la kazi. Mama yake aliitwa Mama Aline kwa jina la binti yake wa kwanza, na Aline huyo alikuwa amefariki. Walikuwa watu wa Bukavu, wa kanisa moja la Kikongo hapa hapa Bertrams. Aline aliacha mtoto wa kike, Plamedi, hana baba anayejulikana. Mama Aline alikuwa na kisukari kilichokwisha kumla macho, hivyo afisa wa ustawi wa jamii akasema bibi peke yake hawezi, mtoto akapelekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto huku wakimchunguza mjomba. Wakamchunguza. Jina lake likatokea Daftarini.

"Eish, mama," Héritier akaniambia, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Nilifikiri ile kitu ilikwisha."

Nikauliza swali langu. Adhabu? Kifungo cha miaka mitatu, kimesimamishwa chote. Umri wakati wa kosa? Kumi na sita.

Angekuwa mtu mzima ningefunga faili hapo hapo. Lakini alikuwa mtoto, na mlango wa 2015 ulikuwa wake. Sitaandika alichomfanyia Solange, binti waliyesoma shule moja na kusali kanisa moja. Kimo kwenye faili, na mwenye haki ya kukisimulia si mimi. Nitasema tu kwamba haukuwa mchezo wa watoto, ingawa Mama Aline aliuita hivyo, nami nikamwambia asiuite hivyo tena ofisini kwangu.

"Mama Thandi," akasema, "mi naomba tu mujukuu yangu. Kila saa nikienda kumuona ananiuliza, Koko, tunaenda?"

Koko kwao ndiyo bibi, na swali hilo ndilo lililokuwa mezani. Plamedi atalala wapi. Wakija watu wengine wanaotaka kulea, watampata, na pengine wangekuwa watu wema, lakini wasingekuwa watu wake.

Wakili Moodley alilichukua ombi. Tukaandika hati ya kiapo ya Héritier mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa sababu kila rasimu ilianza na habari za mtoto. Wakili aliichana. "Anza na Solange," akamwambia. "Korti haitaki kujua unataka nini. Inataka kujua unajua ulifanya nini." Kijana alikaa pale mbele yangu na kalamu akashindwa. Akatoka kuvuta hewa. Akarudi. Mara ya mwisho aliandika ukurasa mmoja tu, mimi nikausoma, nikaenda kuipiga kofi fotokopi bila sababu.

Tukatafuta na mwanasaikolojia wa kumpima. Tukapeleka karatasi kwa mwendesha mashtaka, dada mmoja mkavu lakini mwenye haki, ambaye alisema akipata taarifa nzuri ya kitaalamu hatapinga. Nawaambia, nilikuwa nimeanza kuona mwanga. Kosa langu ni kwamba nilikunywa chai kwa utulivu siku ile.

Wiki iliyofuata Mama Aline akaja peke yake, amevaa kitenge cha sherehe, uso unang'aa.

"Mama Thandi, Mungu iko! Mambo imeisha!"

Akanitolea karatasi kwenye bahasha ya plastiki. Ilikuwa imepigwa chapa, imesainiwa na baba yake Solange, imesainiwa na mchungaji na wazee wawili, na chini kabisa, kubwa kama sahani ya chai, muhuri wa kanisa. Ilisema familia ya Solange imesamehe kila kitu na inaomba korti nayo isamehe.

Nikaiweka karatasi mezani. "Mama Aline. Mmefanya nini?"

"Tulienda kwao kule mutaa ya La Rochelle. Na pasta, na bazee. Tulibeba kreti ya Fanta, bitenge mbili na sombe nilipika mi mwenyewe. Kwetu muntu haendake mikono mitupu kuomba musamaha. Balitupokea muzuri! Tuliomba, tuliimba, Papa Solange akasaini. Ona kachet," akagusa muhuri.

"Na Solange mwenyewe?"

"Alikuta tuko naimba. Alitoka kazini, kwa saluni. Tulimupigia magoti, mama, wote, hata pasta! Alisimama tu kwa mulango na mukoba yake. Kisha akatoka."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Lakini baba yake alisema, na baba njo mwenye nyumba."

Jamani. Nimeishi na watu hawa, nimekula sombe yao, kisamvu chetu, najua utaratibu huo unatoka wapi. Ugomvi ukitokea kati ya nyumba na nyumba, nyumba zinakutana, wazee wanasema, kinywaji kinafunguliwa, kisasi kinakufa. Utaratibu huo umeokoa maisha mengi huko kwao ambako korti iko mbali na bunduki iko karibu. Siudharau. Lakini nyumba haikutendewa kosa. Alitendewa Solange. Na huyo aliyetendewa alirudi kutoka kazini miguu imevimba, akakuta waliomshinda kwa wingi wamejaa sebuleni, wamepiga magoti kati yake na chumba chake, baba yake ameshasaini. Sisi kwetu tunasema funika kombe mwanaharamu apite. Sawa, lakini walimfunika na yeye humo humo.

Nilimwambia Mama Aline hayo yote, na sikuyasema kwa upole. Nilikuwa na hasira. Akalia. Akaniuliza, "Sasa nilikosea wapi? Kuomba radhi ni zambi?" Nikamwekea sukari kidogo kwenye chai, kisha nikakumbuka kisukari nikaimwaga.

Wakili Moodley aliisoma ile karatasi akiwa na sandwichi mkononi, akairudisha sandwichi mkobani. Hilo sikuwahi kuliona. "Hatuwezi kuitumia," akasema, "na hatuwezi kuificha." Siku hiyo hiyo akampigia simu mwendesha mashtaka kumweleza. Mwendesha mashtaka alikuwa anajua tayari. Solange alikuwa amempigia asubuhi ile, kutoka kwa rafiki aliyekwenda kulala kwake. Na ombi letu sasa lilikuwa linapingwa.

Mkumbuke hili, enyi mnaobaki: siku ya kwanza kabisa mwambieni mteja, na mwambieni mama wa mteja, na mchungaji wao kama yupo, kwamba hakuna mtu wa kumwendea mlalamikaji. Asiende shangazi, wala simu, wala salamu. Watoto wa mjini hawahitaji kuambiwa hilo. Watu wetu wanahitaji, kwa sababu wanaona kutokwenda ndiyo dharau.

Siku ya korti ilikuwa ya baridi ile ambayo marehemu mume wangu aliniapia ni ya wiki mbili tu. Héritier alivaa suti ya kuazima, mikono imemfupia. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, anaandika kila kitu mwenyewe kwa mkono, hana haraka. Alimwuliza kuhusu msafara wa La Rochelle. Wakili Moodley alikuwa amemwambia kitu kimoja tu: sema kweli. Nasi sote tulifikiri kweli tunaijua, kwamba mama alikwenda bila yeye kujua. Mama mwenyewe alituambia hivyo.

"Ulijua wanakwenda?" Hakimu akauliza.

Nikamwona kijana anamtazama mama yake aliyekaa mbele yangu. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha Jo'burg, "Nilijua. Aliniambia Ijumaa. Nilimwambia siyo vizuri, halafu nikanyamaza. Sikwenda nao. Nilikaa nyumbani nasubiri wanipigie."

"Ulikuwa unasubiri wakuambie nini?"

"Kama karatasi imesainiwa."

"Si kama Solange yuko salama?"

"Hapana. Nilikuwa namfikiria Plamedi." Akajifuta uso kwa mkono wa suti ya watu. "Solange nilimfikiria baadaye."

Ee Mungu wangu. Mama Aline alinigeukia nimtafsirie, na mkalimani wa korti, kijana wa Kenya mwenye mbwembwe, alikuwa akimtafsiria mshtakiwa wa kesi nyingine hukoo korido. Nikamwambia kwa kifupi, "Amesema kweli." Akashika mdomo.

Hakimu hakukubali wala hakukataa. Aliahirisha. Akaagiza taarifa mpya ya mwanasaikolojia, akaagiza Héritier ahudhurie mafunzo ya ushauri nasaha mpaka mwisho, na akatoa amri kwamba mtu yeyote wa familia ile au kanisa lile asimkaribie Solange. Mchungaji alikuwa ukumbini. Alikunja uso kama aliyetukaniwa ukoo.

Kilichofuata ni kusubiri, na kusubiri hakuna hadithi. Nilichoka kwa namna ambayo usingizi hautibu. Kila mwezi Mama Aline alikuja kuuliza, nikamwambia bado. Kila Jumamosi Héritier alikwenda kwenye ushauri, kisha akavuka mji kumwona mtoto chini ya uangalizi, chumba chenye viti vidogo, mlezi kakaa pembeni anaandika. Aliniambia Plamedi ameanza kusahau Kiswahili. "Anasema isiZulu tu, mama. Mimi namjibu isiZulu. Lakini Koko akija hawaelewani, wanashikana mikono tu." Mara moja afisa wa ustawi alitaja kwamba kuna familia nyingine imeomba kulea mtoto wa umri ule. Siku hiyo kijana alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka tulipofunga. Sikumfukuza. Nilimpa kazi ya kupanga viti.

Korti iliporudi, mwendesha mashtaka alisimama akasoma maelezo ya Solange. Yalikuwa mafupi. Alisema hajamsamehe Héritier na haombi ruhusa ya mtu kutomsamehe. Alisema baba yake hakuwa na haki ya kusaini. Alisema mtoto wa Aline hakumkosea chochote, na Aline mwenyewe ndiye mtu pekee wa kanisa lile aliyekwenda kumwona wakati ule, akamletea maziwa na hakusema kitu cha Mungu. Kama wataalamu wanasema mtoto atakuwa salama, yeye hatazuia. Anaomba tu mlango wake usigongwe tena.

Mama Aline alikuwa hajui habari za maziwa. Nilipomtafsiria alitoa sauti moja ndogo, akainama.

Hakimu akaandika, akaandika, akatoa amri. Jina litolewe.

Msifikiri kazi iliishia hapo. Amri ya korti si amri mpaka imefika. Niliipeleka nakala iliyothibitishwa kwa msajili, nikaipeleka kwa ustawi, nikapiga simu, nikapiga tena, nikapata cheti kinachosema jina halimo, nikakuta kuna barua moja haina tarehe, nikarudi. Nimewahi kuona watu walioshinda kortini wakashindwa kwenye foleni. Fuateni karatasi mpaka mlango wa mwisho, hata kama roho inawaambia mkae.

Nilikwenda nao siku ya kumchukua Plamedi. Si kazi yangu, najua. Alitoka na mfuko wa nguo na mwanasesere mwenye jicho moja, akamwuliza mjomba wake kwa isiZulu kama leo kuna anayeandika. Akamwambia hakuna. Mtoto akasimama kidogo kama anayelipima jibu hilo, kisha akamkimbilia bibi yake akamshika kiuno. Mama Aline akamwongelesha kwa Kiswahili, mtoto akamjibu kwa lugha nyingine, wakaendelea hivyo hivyo mpaka kwenye robot ya kona, ndivyo huku tunavyoita taa za barabarani, kila mmoja na lugha yake, hakuna aliyejali. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikalia barabarani mtu mzima mimi, na muuza mahindi akanipa tishu.

Nilitaka kuishia hapo. Mwandishi mwenye akili angeishia hapo. Lakini wiki yangu ya mwisho kazini, mwaka 2019, mmeshanipambia dawati kwa maputo, dada wa mapokezi akaniambia kuna mtu hana miadi, amechukua namba na kukaa foleni, anamtaka Mama Thandi.

Aliingia mwanamke kijana, amevaa aproni ya saluni ndani ya koti, vidole vina alama za uzi wa kusuka. Sikuwahi kumwona uso. Kwa miaka yote ile hatukuruhusiwa kuzungumza naye, na ilikuwa sawa.

"Mi ni Solange," akasema.

Nikasimama. Nikamwambia kwamba kesi imefungwa, na siwezi kuongea habari za mteja wetu.

"Hapana juu yake, mama. Juu yangu."

Nikamkalisha. Akakataa chai. Akasema tangu watu wale wapige magoti sebuleni kwao, habari ilitoka na Fanta yao ikaenea. Mwanzo waliojua walikuwa wachache, wa kanisa la zamani. Sasa La Rochelle nzima inajua. Wateja wananong'ona akiwa na vichwa vyao mikononi. Kanisani kwake wanamwita mwenye moyo wa jiwe, aliyepigiwa magoti na mtumishi wa Mungu akageuka. Palikuwa na kijana aliyemtaka, familia yake ikafika mpaka kuanza mazungumzo ya mahari, ikarudi nyuma. Baba yake hamwongeleshi.

"Balisema, ule njo binti wa kesi. Hawasemake Solange. Banasema binti wa kesi." Alisema bila kulia, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei. "Nilisikia jina ya Héritier imetoka. Ni muzuri, mutoto iko na nyumba. Sasa nakuya kuuliza kitu moya. Jina yangu inatolewaka wapi?"

Mkono wangu ulivuta droo, kwa mazoea tu. Ndani yake mlikuwa na fomu za msajili, fomu za rekodi, fomu za daftari la pili. Nikaifunga.

Nikamwambia, "Mwanangu, hakuna mahali."

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akasimama, kisha akaniuliza kama labda kuna mtu mwingine humu ofisini anayeweza kujua.

Nilimwambia nitawauliza. Basi ndiyo nawauliza.